Kulipwa kwa Kutotumia Umeme

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi San Diego, California, pamoja na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe wangu aliyetoka Mombasa mwaka jana. Kampuni inayotuuzia umeme imetuandikia kwamba siku za joto kali, ikitutumia ujumbe nasi tukapunguza matumizi kati ya saa 10 jioni na saa 3 usiku, tutapunguziwa bili. Vilevile inatutaka tufunge kifaa cha kudhibiti kiyoyozi ambacho wao wenyewe wataweza kukiendesha wakiwa mbali. Mume wangu anasema hakuna mfanyabiashara anayemlipa mteja ili asinunue, kwa hiyo lazima pana mtego. Je, upo? Na watajuaje kiasi cha umeme ambacho sikukitumia?

JIBU: Shaka ya mumeo inaeleweka, dada, lakini inatokana na kuufananisha umeme na unga au mafuta ya taa, bidhaa ambazo hukaa ghalani zikimsubiri mnunuzi. Umeme, isipokuwa ule unaohifadhiwa katika betri au mabwawa, hauna budi kuzalishwa wakati uleule unapotumika. Huko California mitambo ya jua hutoa umeme mwingi mchana. Jioni jua linapozama uzalishaji wake huporomoka, na saa hizohizo watu wanarudi nyumbani, wanawasha viyoyozi, wanapika na kufua. Ili kuliziba pengo hilo, wasimamizi wa gridi huwasha mitambo ya gesi ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaa bure, au hununua umeme kutoka majimbo jirani kwa bei inayoweza kupanda mara nyingi kupita ya kawaida. Nyaya na transfoma nazo hujengwa kwa kipimo cha saa hizo chache za mwaka, na gharama yake hulipwa na wateja wote. Kwa hiyo uniti unayoiacha saa 12 jioni ya siku ya joto kali inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko bei unayoilipia, na ndiyo maana kampuni iko tayari kuinunua kutoka kwako.

Jimbo hilo lilijifunza kwa machungu. Tarehe 14 na 15 Agosti 2020, wakati wa wimbi la joto, wakazi wake waliingia katika mgao wa umeme ambao sisi wa Afrika Mashariki tunaufahamu vizuri. Mwaka 2022 programu ya dharura ya kupunguza matumizi, ambayo awali ilikuwa ya biashara na viwanda, ilifunguliwa kwa wateja wa majumbani kwa malipo ya dola 2 kwa kila uniti iliyookolewa. Mwaka huohuo, tarehe 6 Septemba, mahitaji ya umeme yalifikia megawati 52,061, kiwango ambacho gridi hiyo haikuwahi kukifikia kabla ya hapo. Saa 11 na dakika 45 jioni, serikali ya jimbo iliwatumia mamilioni ya watu ujumbe wa simu ikiwaomba wazime vitu visivyo vya lazima, na katika muda mfupi matumizi yakashuka kwa takriban megawati 2,000. Mgao ukaepukwa. Nakiri kwamba kila ninapolifikiria tukio hilo nafarijika, kwa sababu wengi wa walioitikia wito ule hawakuwa wameahidiwa hata senti moja.

Sasa nije kwenye kipimo, ambapo ndipo penye utata. Mita janja iliyoko kwenu huandika matumizi yenu kwa vipindi vifupi usiku na mchana. Kampuni hutazama mlivyotumia saa zilezile katika siku za karibuni zinazofanana na siku ya tukio, ikapata kiwango chenu cha kawaida, kisha hulinganisha kiwango hicho na matumizi ya siku mliyoombwa kupunguza. Tofauti ndiyo mnayolipwa. Ni makadirio, kwa maana hakuna mita inayoweza kupima kitu ambacho hakikutokea. Madhara yake ni kwamba familia iliyokwisha kujizoeza kubana matumizi hupata kidogo sana, kwa kuwa haina cha kupunguza, ilhali jirani anayepoza nyumba tupu kutwa nzima anaweza kuvuna vizuri kwa kuzima tu. Mimi naliona hili kuwa kasoro ya kweli, na sioni haki kwa mpangaji wa chumba kimoja anayetumia feni kuambulia senti wakati mwenye jumba kubwa anapata makumi ya dola. Hata hivyo msijaribu kuongeza matumizi makusudi ili kupandisha kiwango chenu, kwa kuwa kila uniti ya ziada mtaigharimia wenyewe, na umeme wa California ni ghali.

Juhudi zenu zielekezwe kwenye vitu vikubwa. Balbu ya wati 10 ikizimwa kwa saa zote tano huokoa uniti 0.05, ambazo hata kwa malipo yale ya dola 2 ni senti 10 tu. Kiyoyozi cha nyumba nzima kinachovuta kilowati 3 kikipumzishwa saa moja ambayo kingekuwa kinafanya kazi mfululizo huokoa uniti 3. Mashine ya kukaushia nguo na oveni ni za kundi hilohilo la walaji wakubwa. Pozeni nyumba kabla ya saa 10, fungeni mapazia ya upande wa magharibi, pikeni mapema, na kufua kuwe baada ya saa 3 usiku au asubuhi. Kinachotakiwa hasa ni kuihamisha kazi kwenye saa nyingine, wala hakuna anayewataka mkae gizani na njaa.

Kuhusu kile kifaa cha kiyoyozi, nawashauri msome kwa makini kipengele kinachoeleza kama mna ruhusa ya kuikataa amri ya kampuni wakati wowote. Mwishoni mwa Agosti 2022, katika jimbo la Colorado, wateja wapatao 22,000 waliojiunga na programu ya namna hiyo walikuta kampuni imevizuia vidhibiti vyao vya viyoyozi kwa saa kadhaa mchana wa joto kali, bila uwezo wa kuvibadilisha. Walikuwa wamejiunga kwa hiari, na masharti yaliruhusu jambo hilo wakati wa dharura, lakini wengi hawakulitarajia. Nyumba yenye mzee haifai kuwekwa katika hali hiyo. Joto kali humdhuru mtu mwenye umri mkubwa kabla hata yeye mwenyewe hajahisi vibaya, na mama mkwe wako, kama walivyo wazee wetu wengi, huenda akanyamaza ili asiwe mzigo kwenu. Kama barua haisemi waziwazi kwamba mnaweza kukiwasha kiyoyozi mnapotaka bila kutozwa faini, kikataeni kifaa hicho na mjiunge na ule mpango wa ujumbe peke yake. Iwapo anatumia mashine yoyote ya tiba nyumbani, ulizeni pia kuhusu Medical Baseline, mpango unaoongeza kiasi cha umeme cha bei ya chini kwa nyumba yenye mgonjwa. Mwisho, hakikisheni hamjasajiliwa katika programu mbili kwa pamoja, kwani mara nyingi haikubaliki.

SWALI: Mhariri, nina kiwanda kidogo cha kusaga nafaka Thika. Nimesikia kwamba Kenya umeme wa usiku ni nusu bei. Je, nihamishie kazi usiku?

JIBU: Bei ya nusu ipo tangu Desemba 2017 kwa wateja wakubwa wa biashara na viwanda. Huanza saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi siku za kazi, Jumamosi kuanzia saa 8 mchana, na Jumapili kutwa. Sababu yake ni kinyume cha ile ya California: kilele cha matumizi ya Kenya ni kati ya saa 1 na saa 4 usiku, kisha watu wakilala matumizi hushuka kiasi kwamba mvuke wa ardhini unaozalisha umeme huko Olkaria huachwa upotee hewani. Angalia mambo mawili. Nusu hiyo ni ya gharama ya nishati peke yake, si ya bili yote, maana tozo nyingine hubaki. Pili, mpango ulipangwa kumpa nafuu anayevuka kiwango chake cha awali cha matumizi, kwa hiyo kuhamisha tu kazi ileile kutoka mchana kwenda usiku huenda kusikuletee faida uliyoitarajia. Ingiza kwenye hesabu yako gharama za mshahara wa zamu ya usiku, usafiri wa wafanyakazi na ulinzi, kisha tazama kwenye bili yako umewekwa katika kundi gani la wateja kabla hujamwajiri mtu hata mmoja.