Babu wa babu yako yumo daftari gani? Kutafuta ukoo Tabora na Kigoma

Wengi wanaoanza kutafuta asili ya ukoo wao hukimbilia cheti cha kuzaliwa. Kwa mtu aliyezaliwa Nzega au Kasulu kabla ya uhuru, usitegemee kukikuta. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ni ya mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni haikumlazimisha Mwafrika kujiandikisha. Kama cheti kipo, aghalabu kilikatwa ukubwani kwa ajili ya pasi ya kusafiria au mafao, na tarehe yake imekadiriwa. Ukikuta 1 Januari, chukua mwaka tu, na huo nao uutilie shaka.

RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, anakokaa msajili wa wilaya, zitakusaidia kwa kizazi cha wazazi wako na pengine cha babu aliyefariki karibuni. Cheti cha kifo kitakupa jina kama lilivyoandikwa rasmi, umri uliotajwa na mahali alipofia. Huo ndio ukingo wa kuanzia. Kutoka hapo rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Ukimrukia Mtemi Fundikira au Mirambo kwa sababu jina linafanana, utaishia kujenga ukoo wa mtu mwingine.

Kabla ya kufungua daftari lolote, tafuta mahali. Katika mikoa yetu hii jina peke yake halitoshi. Kulwa, Doto na Shija kwa Wanyamwezi, Bukuru na Butoyi kwa Waha, ni majina ya namna mtu alivyozaliwa, na yapo katika kila ukoo. Hata hivyo yana habari ndani yake. Shija ni mtoto aliyefuata mapacha, kwa hiyo ukimkuta Shija katika daftari jua kwa kawaida kuna wawili waliomtangulia, hata kama walikufa wachanga na hakuna anayewakumbuka. Watafute katika kurasa za miaka michache ya nyuma. Kisha kumbuka kuwa jina la pili la mtu ni jina la kwanza la baba yake. Halishuki kizazi hadi kizazi, kwa hiyo ndugu wa kizazi cha tatu wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana kabisa.

Kwa wazee, acha kuuliza mwaka. Uliza: alilipa kodi kwa nani? Mnyamwezi atakutajia mtemi na mwanangwa wake, yaani msaidizi wa mtemi, Muha atakutajia mwami na mtware, wanaolingana na hao. Jibu hilo linakupa eneo la utawala, na majalada ya serikali yalipangwa kwa maeneo hayo hadi utemi ulipofutwa mwaka 1963. Uliza pia alikuwa na umri gani reli ilipofika, kwani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waliokuwa wakichunga mbuzi wakati huo na waliokuwa tayari na mke ni vizazi viwili tofauti. Omba waonyeshe stakabadhi za zamani za kodi. Familia nyingi bado zimezihifadhi kwenye sanduku, na stakabadhi moja inaweza kukupa jina, mahali na mwaka kwa pamoja.

Jihadhari na jina la kijiji. Watu wa huku wamehamishwa zaidi ya mara moja. Waingereza waliwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale, na miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Kijiji mnachokiita cha babu huenda hakikuwepo babu alipozaliwa. Mipaka ya utawala nayo imehama. Ushirombo ilikuwa wilaya ya Kahama katika Jimbo la Magharibi, lililotawaliwa kutoka Tabora, baadaye ikawa mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 ipo Geita. Barua za Kasulu na Kibondo za wakati huo zilipitia Tabora pia. Anayetafuta kwa mipaka ya leo anafungua kabati lisilo lake.

Ukishajua mahali, nenda kanisani. Kwa waliobatizwa, hakuna kumbukumbu inayozidi daftari la ubatizo. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walifungua Ushirombo mwaka 1891 na Ndala mwaka 1896, na walikuwa waandishi makini sana. Mstari mmoja kwa kawaida una namba, tarehe ya ubatizo, jina, wazazi, mahali na msimamizi. Maandishi ya zamani ni ya Kilatini. Machache yanatosha: filius ni mwana wa, filia ni binti wa, natus ni aliyezaliwa, adultus ni mtu mzima, na in articulo mortis ni aliyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa.

Neno adultus litazame vizuri. Kardinali Lavigerie aliwawekea mapadri wake kanuni ya miaka minne ya mafundisho kabla ya kumbatiza mtu mzima. Babu aliyebatizwa mkubwa mwaka 1910, bila hatari ya kufa, kwa kawaida alianza mafundisho yapata 1906. Hapo umepata miaka minne ambayo daftari lenyewe haliitaji.

Usifunge daftari kabla ya kusoma pembeni mwa ukurasa. Sheria za Kanisa zinataka kipaimara na ndoa ziandikwe kandoni mwa ubatizo, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Maneno mawili ya pembeni yanaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye daftari la ndoa la parokia usiyoiwazia. Msimamizi wa ubatizo naye mwandike. Mara nyingi ni katekista, lakini akiwa ni ndugu amekufungulia mlango wa pili.

Usimwendee paroko siku ya Jumapili baada ya misa. Peleka barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kata au parokia yako, taja jina, wazazi, kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia) na kipindi kisichozidi miaka kumi. Ukiomba “ukoo wote tangu mwanzo” utajibiwa kuwa hakuna. Kigango kilichokuja kuwa parokia mwaka fulani hakina daftari la miaka ya kabla yake. La zamani limebaki parokia mama. Hili ndilo linalowarudisha watu wengi nyumbani mikono mitupu ilhali jina lipo umbali wa kilomita thelathini.

Kwa ukoo wa Kimoravian, hasa Urambo na Sikonge, anzia ushirika husika na ofisi za kanisa Tabora. Nyaraka za wamisionari wao wa Kijerumani zipo Herrnhut, Ujerumani. Urambo kabla ya 1898 ilikuwa chini ya London Missionary Society, na nyaraka za chama hicho cha wamisionari zipo chuo cha SOAS, London.

Kwa ukoo wa Kiislamu, na Ujiji ni wengi, daftari la ubatizo halipo, na hapo mirathi ndiyo mgodi. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya sheria ya Kiislamu na ya mila mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya mwisho. Kwa hiyo tafuta alikokuwa akiishi. Alikozaliwa hakukusaidii hapa. Mwombe karani daftari la mashauri ya mirathi, upate namba na mwaka, ndipo jalada litolewe masijala. Ndani yake tafuta muhtasari wa kikao cha ukoo. Humo wajane, watoto, ndugu wa marehemu na mashahidi huandikwa kwa majina matatu, mara nyingine na umri na kijiji. Karatasi hiyo moja inaweza kufunga vizazi viwili kwa mkupuo.

Lakini isome kwa tahadhari. Kikao cha ukoo huandika wanaorithi. Mabinti walioolewa mbali na watoto wa nje ya ndoa huachwa, na wakati mwingine wanaachwa makusudi. Kutokuwemo katika orodha hakuthibitishi kwamba mtu hakuwa wa ukoo.

Rejesta za uandikishaji za shule za msingi za zamani ni hazina isiyoguswa: jina la baba, kijiji, mwaka wa kuingia na wa kutoka. Mwombe mwalimu mkuu mapema, kwani nyingi zimeshaliwa na mchwa. Sensa usipoteze muda nayo. Takwimu zake zinachapishwa, majina ya watu hayatolewi.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo Upanga, Dar es Salaam. Omba kwanza vitabu vya wilaya, kile cha Tabora, Kigoma au Kasulu. Vina nasaba za watemi na wami, orodha za wasaidizi wao na historia ya maeneo. Babu mkulima hatajwi humo, ila utajua mwanangwa wake alitawala miaka gani, na hapo umri wa babu unaanza kubana. Beba penseli, kitambulisho na barua, na uandike namba ya jalada kabla ya kuandika kilichomo.

Majina yatafute kwa tahajia za wageni. Mjerumani aliandika Uschirombo na Udjidji, Mfaransa Ouchirombo na Oujiji. R na L hubadilishana bila onyo: Mirambo na Milambo ni mtu yule yule. Andika orodha ya tahajia zote zinazowezekana kabla hujaondoka nyumbani.

Kigoma ina pengo lake la pekee. Wabelgiji waliiteka mwaka 1916 na kuishika hadi 1921, na nyaraka zao za utawala zilikwenda Brussels, kwa Kifaransa. Kama babu alikuwa askari, tarishi au mpagazi Kigoma au Ujiji miaka hiyo, Dar es Salaam haitakuwa na jibu lake. Majalada ya Wajerumani, fungu R 1001 la Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, mjini Berlin, yanasomeka bure kwenye intaneti, ila ni mawasiliano ya wakubwa. Majina ya askari wa kawaida ni machache.

Unapoiandikia hifadhi ya nje, barua iwe ya nusu ukurasa: jina na tahajia zake, mahali kwa jina la wakati ule, kazi yake, miaka miwili ya mipaka, na unachoomba kiwe kimoja. Ambatisha nakala ya karatasi uliyonayo tayari, ukibaki na ile halisi.