Kwa nini Desemba ni mwezi wa mwendo wa pole

Ndugu, umeuliza kwa nini waendesha baiskeli wa kulipwa hutumia saa nyingi za Desemba wakienda mwendo wa pole, ilhali mbio za majira ya machipuko zinadai kasi. Jibu limo katika urefu wa mbio zenyewe: Milan–San Remo, mbio za siku moja za Italia zifanyikazo mwezi Machi, hukaribia kilomita 300, na mwendeshaji asiyejenga pumzi mapema, kwa safari za saa tano au sita katika milima iliyo karibu na Calpe nchini Hispania, ambako timu nyingi hupiga kambi kuikimbia baridi ya kaskazini, hukifikia kilima cha Poggio, cha mwisho kabla ya kumaliza, miguu imekwisha nguvu. Kasi huongezwa baadaye. Wapo wanaoitafuta kwingine, nami navutiwa sana na njia hiyo: Mathieu van der Poel, mwendeshaji wa Uholanzi, hushiriki mbio za baiskeli za matopeni (cyclo-cross) za takriban saa moja, ambamo mshindani huruka chini, huitupia baiskeli begani na kupanda ngazi mbiombio. Mwaka 2023 alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo mwezi Februari, akashinda San Remo mwezi Machi, kisha mbio za Paris–Roubaix za Ufaransa mwezi Aprili.