Lisbon: ijue saa kwanza, mahali utapaona

Siku yangu ya kwanza Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwezi wa Juni, nilipanda mpaka Miradouro da Senhora do Monte nikiwa na kamera shingoni, lenzi mbili mkobani na kiburi cha mtu aliyekulia Mji wa Kale, Mombasa, anayejua jua huchwa saa ngapi. Kwetu hilo halina mjadala. Mwaka mzima, ikifika saa kumi na mbili na nusu au kukaribia saa moja, jua limeshatumbukia. Basi nilifika saa kumi na moja jioni ili niwahi nafasi ukutani. Saa kumi na mbili jua liko juu. Saa moja, juu. Saa mbili kasorobo njaa ikanishinda, nikateremka kutafuta samaki wa kuchoma. Nikiwa mezani, vidole vimejaa mafuta, nikaona ukuta wa nyumba ya mbele unageuka rangi ya asali. Lisbon mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku.

Nasimulia aibu hii kwa sababu orodha nyingi za "sehemu nzuri za kupiga picha Lisbon" zitakupa majina tu, na majina si tatizo. Mji una vilima, kila kilima kina kibaraza chake cha kutazamia mandhari kiitwacho miradouro, na vibao viko kila kona. Kitakachokukwamisha wewe uliyezaliwa karibu na ikweta ni jua lenyewe.

Jua letu hupanda wima na kushuka wima. Ule mwanga laini wa jioni ukiupata kwa nusu saa umebahatika. Kule Ureno jua hushuka kimshazari, kama mtu asiyetaka kuondoka shereheni, na mwanga wa asali hukaa karibu saa nzima. Likishazama, anga hubaki samawati iliyokolea kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea, na huo ndio wakati wa kupiga taa za mji. Jambo la pili: adhuhuri jua haliji utosini. Mwaka mzima, mchana liko upande wa kusini, na mto Tejo nao uko kusini mwa mji. Maana yake ni kwamba ukisimama kilimani mchana ukaelekeza kamera mtoni, unapigana na jua. Ukisimama uwanja wa Praça do Comércio, mgongo kwa mto, ukalitazama lile tao kubwa la Rua Augusta, jua liko nyuma yako na mawe yote yanang'aa. Kwa siku mbili nzima nililifanya hili kinyume.

Alfajiri nenda Portas do Sol. Kibaraza hiki kinatazama mashariki, juu ya mapaa ya Alfama, mtaa wa kale. Juni jua huchomoza upande wa kuba jeupe la Santa Engrácia; Desemba huchomoza kusini zaidi, juu ya maji. Kuba hilo ndilo la kanisa lililoanza kujengwa 1682 likamalizika 1966, hata Wareno wakiona kazi isiyokwisha huiita "kazi ya Santa Engrácia". (Kila mtaa wa kwetu una barabara inayostahili jina hilo.) Kama kuamka mapema kunakushinda, nenda Desemba: jua linachomoza saa mbili kasoro kidogo, umeshakunywa kahawa. Juni ni saa kumi na mbili na robo hivi, lakini utakuwa peke yako na mfagiaji.

Jioni, vuka upande wa pili wa bonde uende São Pedro de Alcântara. Hapo unatazama mashariki, ngome ya São Jorge iko mbele yako, na jua linalochwea nyuma yako linaipaka ngome rangi. Watu hupenda kulifuata jua lenyewe. Mimi sasa nafuata kile linachokiangukia. Zamani ungepanda kwa kale kagari ka kamba ka Glória, kalikoanza kazi 1885. Septemba 2025 kalipata ajali iliyoua watu 16, na magari mengine ya aina hiyo mjini yakasimamishwa ili yakaguliwe. Basi usijenge mpango wako juu yake, tembea. Kilima ni kikali lakini si kirefu.

Senhora do Monte nilirudi Desemba, kulipa deni. Wakati huo jua hushuka kusini-magharibi, jirani na daraja jekundu la 25 de Abril, saa kumi na moja na robo tu. Juni huzama mbali kabisa, upande wa kaskazini-magharibi, wala halikaribiani na daraja. Kwa hiyo ukiona picha ya jua limekaa juu ya daraja kutoka pale, ujue ni ya msimu wa baridi, usiende kuisubiri Julai. Na ukiwa kwenye vibaraza hivi, acha lenzi pana mkobani. Lenzi pana itakupa anga jingi na mji mdogo kama makombo. Weka lenzi ndefu, milimita 85 kwenda juu, uone mapaa mekundu yanavyopandana kama vikapu sokoni.

Mchana je? Mchana ni wa Alfama. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba asubuhi na jioni vina giza. Jua hufika chini kwa muda mfupi, adhuhuri ya kiangazi, likikata ukuta mmoja na kuuacha wa pili kivulini. Jina Alfama limetokana na Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto, na mtu wa Unguja anayepita Hamamni, kwenye bafu la kale, kila siku hatahitaji mkalimani. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na mawimbi na moto uliofuata, liliangamiza mji wa chini. Ule ukajengwa upya kwa amri ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, mitaa imenyooka kama rula. Alfama iliyo juu ya mwamba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ikabaki na mapindipindi yake. Nilimtumia mama picha ya nguo zilizoanikwa dirishani. Akanijibu, "Hiyo si Kibokoni? Umerudi lini?"

Tramu ya njano, namba 28, kila mtu anaitaka. Usiipande kwa ajili ya picha. Ndani utasukumwa, dirisha lina vichwa vya watu, na wezi wa mfukoni wanaijua kuliko wewe. Simama nje. Mbele ya kanisa kuu la Sé, lililoanza kujengwa karne ya 12 baada ya mji kutekwa kutoka kwa Waislamu, reli inapinda vizuri. Sura ya kanisa inatazama magharibi, hivyo mwanga wake ni wa alasiri. Tramu namba 12 nayo hupita hapo hapo, ni ya njano vile vile, na kwenye picha hakuna atakayeuliza namba. Angalia tu miguu yako: vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyotandazwa njiani, ambavyo ndivyo vinavyourushia mji mwanga kutoka chini, vikilowa huteleza kama sabuni. Niliviangukia mbele ya watu. Kamera ilipona, goti halikupona.

Kuna siri moja ambayo mtu wa pwani ataielewa mara moja: Tejo hupwa na kujaa. Kwenye Cais das Colunas, ngazi za mawe mbele ya Praça do Comércio zenye nguzo mbili, maji yakijaa nguzo zinasimama mtoni; yakipwa, ngazi na mchanga vinatoka na utapata vidimbwi vya kuakisi anga. Mnara wa Belém, mtaa wa mtoni upande wa magharibi, nao vivyo hivyo. Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka, hasa siku za bamvua. Nilipokuwa pale, watalii walipiga picha wakaondoka; mimi nilikaa ukutani nikila pera, nikingoja maji yatoke.

Neno hilo, pera, ni la kwao, mesa yao ni meza yetu, bandeira ni bendera, na igreja, kanisa, kwetu limekuwa gereza. Neno hilo utalisoma kwenye kila kibao. Mombasa gereza lenyewe lilikuwa Fort Jesus, waliloanza kulijenga 1593. Kwa hiyo Belém sikupiga picha kama mtalii mtulivu. Kwenye kanisa la monasteri ya Jerónimos yumo Vasco da Gama, kaburi la jiwe, viganja vimeunganishwa kifuani kama mtu aliyelala baada ya kazi njema. Huyu ndiye aliyetia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498. Nilipiga fremu moja, mwanga hafifu, nikatoka. Nje, karibu na mnara wa wavumbuzi wa 1960, kuna dira kubwa ya marumaru ardhini yenye ramani ya dunia. Picha yake nzuri hupigwa kutoka juu ya mnara, lakini yangu ni ya viatu vyangu tu, vimekanyaga pwani yetu.

Kuhusu watu, niseme kwa ukali kidogo. Largo de São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio, ni baraza la Waafrika wa Lisbon, wengi kutoka Guinea-Bissau. Wazee wamesimama, akina mama wanauza vitu. Ni mahali pazuri mno kwa picha, na kwa sababu hiyo hiyo wamechoka na kamera. Mimi niliiweka mkobani, nikanunua karanga, nikasalimia. Siku ya tatu mzee mmoja akaniambia kwa ishara, haya, piga. Ukiwa na siku moja tu, basi piga kanisa lililo hapo: liliungua 1959, na nguzo zake bado zina makovu ya moto. Hatua chache kutoka hapo, Mouraria, utakuta nyuso za wazee wa mtaa zimechapishwa kwenye kuta, kazi ya mpiga picha Mwingereza Camilla Watson. Baadhi yao unaweza kukutana nao wakipita mbele ya picha zao wenyewe.

Siku ya mwisho, panda feri kutoka Cais do Sodré kwenda Cacilhas. Mtu wa Likoni hahitaji kufundishwa feri, ila hapa watu wanaketi, na hakuna anayekimbia mlango ukifunguka. Ni kama dakika kumi. Nenda kabla jua halijachwa, utazame mji wote kutoka ng'ambo ya kusini, kisha rudi anga likiwa samawati. Ukirudi, daraja liko kushoto, Alfama iko kulia, kaa kulia. Picha yangu niipendayo kuliko zote nilipiga humo, kupitia kioo chenye chumvi, na kidole cha mtoto wa kiti cha mbele kimeingia pembeni kikionyesha taa. Sijakikata.