Sanamu ndogo ndani ya ndege: shika kitako, rangi isiguswe

Rangi ya sanamu ndogo zilizopakwa kwa mkono mara nyingi huchubuliwa na sponji ileile iliyowekwa kuilinda. Begi likitikisika safari nzima, sponji husugua palipochomoza: pua, magoti, ncha za mikuki. Ndiyo maana tunapendelea sumaku. Sumaku hugundishwa chini ya kitako, yaani kisahani ambacho sanamu husimama juu yake, nayo hushika bati la chuma ndani ya boksi. Sanamu inashikwa kwenye kitako, na rangi haigusani na kitu.

Chukua boksi la plastiki angavu lenye mfuniko wa kubana pande zote, na bati la chuma la kutandika chini. Lijaribu kwa sumaku kabla ya kununua, maana alumini haivutiwi kabisa, na chuma kisichoshika kutu mara nyingi nacho hakivutiwi. Libandike kwa gundi ya utepe ya pande mbili, hadi kwenye kona.

Kwa kitako cha milimita 25 hadi 32, sumaku moja ya neodimiamu (aina ndogo yenye nguvu sana) yenye kipenyo cha milimita 5 na unene wa milimita 2 inatosha sanamu ya plastiki. Sanamu ya metali weka mbili au tatu. Kazi yenyewe iko kwenye kimo: sumaku ikizama hata milimita moja ndani ya kitako, nguvu inapungua sana. Tandaza karatasi ya nailoni juu ya bati, weka sumaku, ifunike kwa kitako chenye tone la gundi ya epoksi kwa ndani, uache hadi kesho yake. Itakauka ikiwa sawasawa na ukingo. Lakini kabla ya yote, kwaruza sumaku kwa msasa. Uso wake ni laini mno, na gundi isiposhika utanyanyua sanamu huku sumaku imebaki kwenye bati.

Acha sentimita moja kati ya sanamu na sanamu, na nyingine kati ya mkuki mrefu na mfuniko. Funga, pindua boksi juu chini, litikise mara kumi. Ukisikia mgongano, ongeza sumaku. Kutoa nako kuna namna yake: shika kitako, kiinamishe upande mmoja hadi kiachie. Anayevuta kwa upanga atabaki na upanga.

Kama huna budi kutumia sponji, vanishi ikauke siku kadhaa, la sivyo itanata.

Boksi liende nawe ndani, tena kwenye begi dogo la kuingia chini ya kiti. Begi kubwa la mkononi linaweza kuchukuliwa mlangoni na kupelekwa kwenye mizigo ndege ikijaa, na huko ndiko hutupwa na kurundikiwa mengine. Eksirei haidhuru rangi. Metali, hata hivyo, huonekana kama bonge jeusi kwenye skrini, kwa hiyo litoe boksi mapema, mwambie mkaguzi ni sanamu zenye sumaku, na uombe ufungue mwenyewe. Uangavu wa boksi unalipa hapo.

Rangi ya kupuliza ya kopo iache nyumbani: hairuhusiwi ndani wala kwenye mizigo. Kisu cha kukatia kiende kwenye mizigo, kimefunikwa makali. Vichupa vya rangi ni vimiminika. Ukienda navyo ndani ya ndege, viwanja vingi bado vinadai kila kimoja kisizidi mililita 100.

Mikono myembamba iliyounganishwa kwa gundi kali tu huachia kwa mshtuko mdogo. Itoboe na upitishe waya wa shaba wa milimita 1 kabla ya safari. Kwenye chumba cha hoteli hakuna drili.