Lori la mtumba na wito wa kiwanda usiomfikia mwenye lori

Ndugu uliyeuliza kutoka Kisumu, umesema kwamba ulinunua lori la mtumba lililotoka Uingereza, kisha ukasoma kuwa kiwanda kiliwahi kuyaita malori ya aina hiyo yarudi kufanyiwa marekebisho ya usalama, na makanika wako akakwambia kuwa wito huo ni wa wenye magari wa huko na wewe haukuhusu. Mimi niko Nakuru, nina malori mawili, na niliwahi kupewa jibu kama hilo nikaliamini, hadi lori langu moja liliponusurika kuteketea pale Mau Summit.

Wito wa namna hiyo, ambao mafundi wetu huuita rikoli, hautolewi kwa sababu gari limechakaa. Hutolewa kwa sababu kiwanda chenyewe, au mamlaka ya nchi ambako gari liliuzwa, imegundua kasoro ya uundaji au ya uunganishaji inayoweza kuleta ajali hata gari likiwa jipya. Mwaka 2016, kwa mfano, Volvo Trucks iliyaita malori karibu 16,000 nchini Marekani kwa sababu bolti moja ya mhimili wa usukani huenda haikukazwa inavyopaswa na pini yake huenda haikuwekwa, na wenye malori wakatakiwa wasiyaendeshe mpaka yakaguliwe. Hayo yalikuwa malori ambayo bado yalinukia rangi ya kiwandani. Fundi hodari wa gereji yoyote angeweza kubadilisha oili na bitana za breki mara kumi bila kulishuku jambo hilo.

Tatizo letu sisi wanunuzi wa mitumba ni njia inayofuatwa na taarifa. Sheria ya Marekani humtaka mtengenezaji aiarifu mamlaka ya usalama, NHTSA, ndani ya siku 5 za kazi baada ya kuthibitisha kasoro, kisha awaandikie wenye magari ndani ya siku 60, na marekebisho yafanywe bila malipo iwapo gari halijapita miaka 15. Uingereza nako barua huenda kwa mtu ambaye jina lake limo katika daftari la usajili. Lori likishafutwa katika daftari hilo na kupakiwa melini kuja Mombasa, barua inaendelea kwenda kwa mtu aliyekwisha kuliuza, naye huitupa. Mimi na wewe hatumo katika orodha yoyote ya kiwanda.

Kichwa changu cha trela, yaani lile lori la Mau Summit, kilisajiliwa mara ya kwanza mwaka 2009, nikakinunua mwaka 2016, kikiwa bado ndani ya kikomo cha umri wa miaka 8 cha magari ya mitumba yanayoingia Kenya. Karatasi zake zote zilikuwa safi, cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kikiwamo, lakini hakuna karatasi hata moja iliyotaja wito wa kiwanda, nami sikujua kwamba nilipaswa kuuliza. Kwa miaka miwili kilibeba mahindi kutoka Kitale hadi vinu vya Nakuru bila kunisumbua. Kisha usiku mmoja dereva wangu, akiwa ameegesha Mau Summit ili alale, akasikia harufu ya plastiki inayoungua huku injini ikiwa imezimwa. Alikuwa na akili ya kukimbilia swichi kuu ya betri kabla ya kukimbilia kizimamoto, na ninaamini hicho ndicho kilichookoa lori pamoja na tani 28 za mahindi ya watu.

Asubuhi fundi alipoinua kabati, yaani chumba cha dereva, alinionyesha kwa tochi. Kebo nene inayotoka kwenye betri kwenda kwenye stata, mota ya kuwashia injini, ilikuwa inapita juu ya ukingo wa breketi ya chuma, na pale ilipogusa, mpira wake ulikuwa umelika taratibu kwa mtikisiko wa barabara mpaka shaba ikawa inang'aa kama pete mpya. Kebo hiyo kwa kawaida haina fyuzi, kwa hiyo ikigusa chesisi, yaani fremu ya chuma ya lori, betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kufanya volti 24 humwaga nguvu zake zote hapo hapo. Fundi alitaka kuizungushia tepu turudi barabarani. Nilikubali tepu ili tufike Nakuru, lakini nilianza kujiuliza kwa nini kebo ipitishwe mahali pa kijinga namna ile.

Shemeji yangu anayeishi Leicester ndiye aliyenifungua macho. Serikali ya Uingereza ina tovuti ambamo mtu yeyote anaweza kutafuta miito ya magari bila malipo, akaingia humo na kupata tangazo lililoieleza kebo yangu kana kwamba mwandishi alikuwa amelala chini ya lori langu: kebo inaweza kusuguana na breketi, hatari ya moto, dawa yake ni kishikizo kipya na gamba la kuikinga. Tangazo lilitolewa miaka kadhaa kabla sijalinunua lori.

Nilipokwenda kwa wakala wa chapa hiyo Nairobi, kijana wa mapokezi aliniambia kwa adabu kwamba lori hawakuliuza wao, kwa hiyo hawana la kunisaidia. Sikugombana naye. Nilikiandikia kiwanda chenyewe Ulaya kwa barua pepe, nikaeleza lori liko nchi gani, nikaambatisha picha ya namba ya chesisi, picha ya kebo na nakala ya logbuku, kisha nikauliza maswali mawili tu: je, chesisi hii imo katika wito, na je, kazi ilishafanywa? Jibu lilichukua wiki tatu. Imo, na haikufanywa. Niliporudi kwa wakala na barua hiyo mkononi, vipuri nilipewa bure, nikalipia kazi ya saa mbili. Ningeweza kubishana kuhusu hizo saa mbili, lakini nilikuwa nimechoka.

Maswali hayo mawili ni muhimu kwa sababu wito mara nyingi hauhusu modeli nzima, bali malori yaliyounganishwa kati ya tarehe fulani na fulani, au yenye ekseli ya aina fulani. Anayejua ni kiwanda, naye hujua kwa namba ya chesisi pekee. Isome namba hiyo kwenye chuma cha chesisi chenyewe, usiichukue kwenye kibati cha mlangoni. Malori mengi hapa kwetu yamebadilishiwa kabati baada ya ajali, na jirani yangu wa mtaa wa Shabab hapa Nakuru amekuwa akiagiza spea kwa miaka kwa kutumia kibati cha lori ambalo lilikwisha kufa. Namba ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hamna I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kitu kama O, hiyo ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi, usishtuke ukihesabu pungufu.

Kuna mwenzetu aliyekujibu kwamba ukipita ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, umemaliza. Kwa heshima, hapana. Ukaguzi hutazama hali ya lori siku hiyo: breki, taa, tairi, usukani. Kebo yangu ilipita ukaguzi huo mara mbili ikiwa inalika. Na kinyume chake pia ni kweli: lori lisilo na wito wowote litakuua kwenye mteremko wa Salgaa kama dereva anauporomoka gia ikiwa huru ili kubana dizeli, na kosa hilo kiwanda hakiwezi kulirekebisha kwa kishikizo.

Wenye malori yaliyounganishwa hapa nchini, kama Isuzu za Nairobi, wana nafuu, kwa sababu muuzaji yupo na kumbukumbu zipo. Lakini ukiwa mnunuzi wa pili, nenda ukaandikishe jina na simu yako, la sivyo barua itamfuata aliyekuuzia. Trela pia usilisahau, kwani ekseli na chemba za breki zake zina mtengenezaji wake, ambaye naye huweza kutoa wito.

Kwa hiyo kesho chukua brashi ya waya, usugue chuma cha chesisi upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, ambako namba hugongwa katika malori mengi, upake chaki juu ya namba ili isomeke, na uipige picha. Kiandikie kiwanda kwanza, wakala baadaye. Na kama tangazo ulilosoma linataja usukani, breki au moto, lori lisipakiwe mzigo mpaka fundi amekwenda na tangazo hilo mkononi hadi sehemu yenyewe ya lori iliyotajwa na kuikagua.