Vipele vyeupe kwenye ini la mama

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 58. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe. Daktari alipotoka chumba cha upasuaji alituita pembeni, akasema ameona vipele vyeupe juu ya ini na anahofia ni saratani ya mfuko wa nyongo iliyokwisha kusambaa. Alikata kinyama kikapelekwa maabara. Kabla majibu hayajatoka, watu walishaanza kuja nyumbani kutupa pole. Sasa yametoka: yameandikwa “von Meyenburg, hakuna saratani”. Mjomba hataki kusikia. Anasema tunafichwa, na amemletea mama dawa ya mizizi anywe asubuhi na jioni. Tumwamini nani? Na sisi watoto tupimwe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Aminini maabara.

Hofu ya daktari wenu naielewa, maana nimefanya upasuaji wa tumbo miaka mingi. Ini zima ni laini, jekundu la kahawia, linang'aa chini ya taa. Ukikuta juu yake punje nyeupe zimetapakaa kama mtama uliomwagika, moyo lazima ushtuke. Mfuko wa nyongo umebandikwa chini ya ini, kwa hiyo saratani yake hulifikia ini mapema, na wengi wanaoipata huwa na mawe pia. Kwa jicho na kidole peke yake, hakuna anayeweza kuapa kwamba punje zile ni saratani au si saratani. Alichofanya cha maana ni kukata kinyama. Neno saratani, kwa maoni yangu, lingesubiri karatasi ya maabara, kwa sababu likishatamkwa mbele ya ndugu halifutiki kirahisi, kama mnavyoona kwa mjomba.

Von Meyenburg ni jina la mtaalamu wa patholojia wa Uswisi aliyevieleza vipele hivi mwaka 1918. Mtoto akiwa bado anaumbwa tumboni, mirija midogo ya nyongo ndani ya ini hujipanga upya na mingine hutoweka. Pale ambapo mpango huo haukukamilika hubaki kishada cha vijirija vilivyotanuka, kimezungukwa na nyama ngumu ya kovu. Vingi havifiki milimita 5. Havina maumivu, na kwa kawaida vipimo vya damu vya ini havionyeshi kitu. Wengi walio navyo hawajui mpaka wanaingia kaburini. Kuna na ndugu yake, adenoma ya mirija ya nyongo, yaani kiuvimbe kisicho saratani, ambayo mara nyingi huwa moja tu, nyeupe, chini ya sentimita 1, na nayo huwatisha madaktari vivyo hivyo. Chini ya darubini ndipo tofauti na saratani inapoonekana: seli zimetulia, zinafanana, hazijavamia nyama ya jirani.

Sasa kuna jambo moja nataka ulifuatilie wiki hii. Majibu uliyonitajia ni ya kinyama cha ini. Mfuko wa nyongo wenyewe ulipelekwa? Mfuko uliotolewa kwa ajili ya mawe nao unapaswa kuchunguzwa ukuta wake, kwa sababu saratani changa inaweza kujificha humo bila kuonekana kwa macho. Nenda na namba ya sampuli iliyo kwenye ripoti, omba majibu ya mfuko kwa maandishi. Na kama mjomba bado ana shaka, nenda naye. Maabara huhifadhi vile vipande kwenye nta, na mnaweza kuomba mtaalamu mwingine avisome upya bila mama kukatwa tena.

Dawa ya mizizi aiache leo. Mwambieni mjomba kwa heshima, maana ameileta kwa upendo, lakini dawa ambayo kipimo chake hakijulikani inaweza kuliumiza ini ambalo halina ugonjwa. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai, choo kikapauka, au akapata homa ya kutetemeka, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali.

Ripoti hiyo itunzeni na mtoe nakala. Siku atakapopimwa sitiskani kwa shida nyingine, vipele hivyo vinaweza kuonekana tena na kudhaniwa saratani iliyosambaa. Daktari akiiona ripoti, ataamua kama kipimo cha MRI kinatosha kumwondoa shaka. Saratani kuota kwenye vishada hivi imewahi kuripotiwa, ila ni nadra mno, na mama hahitaji dripu za saratani kwa sababu yake.

Nyinyi watoto hamna haja ya kupimwa, isipokuwa kama kwenye ukoo kuna watu wenye vifuko vingi vya maji kwenye figo au ini. Kama wapo, mwelezeni daktari, awapime altrasaundi.