Kupanga Mtiririko wa Kazi Kwenye Gridi: Anza na Njia Ndefu

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba uchambuzi wake wa jenomu, wenye maelfu ya kazi fupifupi, unakaa kwenye foleni muda mrefu kuliko unaotumika kukokotoa, akauliza kama aombe kompyuta zenye kasi zaidi. Nilimjibu asiombe. Hali hiyo niliipitia nilipokuwa mwanafunzi Marekani, nikituma kazi zangu kwenye Open Science Grid, gridi (yaani mtandao wa kompyuta nyingi zinazotumiwa kwa pamoja) ambako kompyuta ni mali ya vyuo na maabara mbalimbali, na kazi ya mgeni inaweza kuondolewa wakati wowote mwenye mashine anapoihitaji.

Mkubwa mmoja wa maabara aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kuchora mtiririko mzima, yaani kazi zote na jinsi zinavyotegemeana, kabla ya kutuma kazi ni kupoteza wakati. Maneno yale yananiuma mpaka leo, kwa sababu nilikuwa sahihi. Niliueleza mtiririko wangu kwa DAGMan, sehemu ya HTCondor, mfumo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison wa kugawa kazi kwa kompyuta nyingi, nikibainisha kazi ipi isubiri ipi. Kisha nikapanga vipaumbele kwa kufuata HEFT, kanuni ya kupanga kazi ambayo Topcuoglu, Hariri na Wu waliichapisha mwaka 2002. Kila kazi hupewa uzito unaojumlisha muda wake wa kukokotolewa na njia ndefu kuliko zote iliyobaki kutoka hapo hadi mwisho, pamoja na muda wa kuhamisha data. Yenye uzito mkubwa hutangulia, na hupelekwa mahali itakapomalizika mapema, hata kama mashine ya huko si ya kasi zaidi. Uchambuzi uliokuwa ukingojwa kwa wiki nzima ulikuwa tayari Jumatatu asubuhi, na yule mkubwa hakusema neno.

Hata hivyo, HEFT hudhani kwamba muda wa kila kazi unajulikana, ilhali foleni ya gridi haiahidi kitu. Kwa hiyo kazi fupi ziunganishwe katika mafungu, ili kila fungu lisubiri foleni mara moja tu. Pegasus, programu ya kusimamia mitiririko ya kazi, hufanya hivyo, na ndiyo iliyoendesha sehemu ya uchambuzi wa LIGO, vituo vya uchunguzi vya Marekani, wa mawimbi ya uvutano yaliyonaswa Septemba 2015. Ndugu zangu, tusikimbilie mashine kabla hatujaujua mtiririko wetu! Pima kwanza muda wa kila hatua na ukubwa wa kila faili, chora, upime tena, kwa maana faili kubwa inayovuka bahari inaweza kula faida yote ya kichakato chenye kasi.

Pia uruhusu kila kazi irudiwe mara kadhaa inaposhindwa. Mtiririko ukikwama kabisa, DAGMan huacha faili ya uokoaji inayoonyesha kazi zilizokwisha kukamilika. Usiifute, kwa sababu ukituma upya, mfumo utaisoma na kuendelea na zilizobaki tu.